Baba wa Ubatizo wa Ghala Zima

Msinione nimekaa hapa ufukweni naanika dagaa mkadhani nimezaliwa nao. Mimi nimechambua kahawa, tena Mbinga mjini, kwenye ghala lenye bati jipya na mlinzi mlangoni. Hata leo mtu akinipitia karibu na kikombe cha kahawa, moyo unapanda milimani wenyewe na kuniacha hapa na mchanga wangu.

Si kahawa ninayoitamani. Ni ile meza, na wanawake waliokuwa wameizunguka, na kuliko wote yule mmoja aliyekuwa akikaa kushoto kwangu. Kulikuwa na neno nililolitaka kutoka kinywani mwake. Nililitaka kuliko nilivyotaka mume, na mume nilimtaka, nisiseme uongo. Nilitaka aseme, mbele ya mtu yeyote yule, kwamba nililolisema mimi lilikuwa kweli.

Nilipanda Mbinga nikiwa msichana, kumwuguza shangazi yangu aliyeolewa huko na Mmatengo. Shangazi akapona, mimi nikabaki. Ndiyo miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa: mitumba ruksa, maduka ruksa, kununua kahawa ruksa. Chama cha ushirika, kilichozoea kununua peke yake, kikaanza kuchechemea, na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani zao. Kampuni moja ikakodi ghala la zamani na kuajiri wanawake wa kuchambua. Wanaume walibeba magunia, sisi tulikaa. Hebu fikiria mwanamke wa Kimatengo, aliyezoea kuinama mlimani kutwa nzima akichimba mashimo ya ngolo ili apande mahindi, leo aambiwe akae kwenye benchi na alipwe kwa kukaa! Kina mama walikicheka kitu hicho wiki nzima.

Kazi yenyewe haina siri. Unamwagiwa mezani kahawa iliyokwisha kukobolewa. Unaondoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kisha nzuri unazisukuma upande wake. Macho yanauma, mgongo unauma, mdomo hauumi. Basi tuliongea! Mimi Mnyasa, wengi wao Wamatengo, wawili watatu Wangoni, kwa hiyo meza ilikwenda kwa Kiswahili na kila mmoja alikivunja kwa namna ya kwao. "Nyie wa ziwani mnakula ugali wa muhogo, ndiyo maana mna mikono milegevu," wananiambia. Nami nawajibu, "Heri mikono milegevu kuliko nyie mnaoogopa maji ya kuoga." Wee! Mlinzi alikuwa anakuja kuchungulia kama tunapigana.

Yule wa kushoto kwangu alinizidi miaka kama kumi. Alikuwa mnene kidogo, mwenye mwanya, na sauti ya kuanzisha nyimbo za kanisa kigangoni. Mumewe alikuwa na mguu mbovu na mibuni iliyozeeka, kwa hiyo nyumba ile ilisimama kwa vidole vyake yeye. Alikuwa na binti, na mtoto wa kiume mchanga aliyelala mgongoni mwake tukiwa kazini. Nilimwita dada, akaniita mdogo wangu. Aliniletea maharage ya shambani kwake, nami nikipata mzigo kutoka nyumbani namkatia kipande cha mbasa, samaki wetu mkavu. Siku nikiwa na hamu ya ziwa alijua kabla sijasema. Alikuwa anachota punje zake mbovu kimyakimya na kuzimwaga kwenye rundo langu zuri, ili nikasirike nisahau. Nilikasirika kweli, na nilisahau.

Sasa, meneja. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa pasi, hodari wa kusalimia wazee shikamoo hata akiwa na haraka. Kanisani alikaa benchi la mbele, na bati za kigango chetu alizitoa yeye. Nyuma ya ofisi yake kulikuwa na chumba cha kuonjea kahawa. Alikaanga punje kidogo kwenye jiko dogo, akazisaga, akamimina maji ya moto kwenye safu ya vikombe vyeupe, akavuta kahawa kwa kijiko kwa kishindo, kisha akaitema. Vikombe vile vilihitaji kuoshwa. Alikuwa anatokea mlangoni, anatutazama mmoja mmoja, halafu anasema, "Wewe, njoo unioshee vikombe." Aliyeitwa aliinuka, na meza ikanyamaza. Aliporudi alikaa akaendelea kuchambua, na hakuna aliyemuuliza lolote. Mimi mgeni nilidhani wanamwonea kijicho kwa kupendelewa.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya ubatizo. Wanawake hao hao ambao mchana hawakumtazama usoni, wakijifungua mtoto wa kiume walimwomba yeye awe msimamizi. Desturi ya pale ilikuwa mtoto wa kiume asimamiwe na mwanamume, wa kike na mwanamke. Na hawakumwomba faraghani. Walimngoja baada ya Misa, uwanjani, padri akiwa anasalimiana na watu, wakasema kwa sauti, "Bwana Meneja, tunaomba utusimamie mtoto." Angekataaje mbele ya padri? Tena kwa nini akatae, wakati sifa alizipenda hivyo? Siku za ubatizo alisimama mbele na mishumaa, watoto wanalia kulia na kushoto kwake, na mji mzima ukasema huyu ndiye mtu wa watu. Hata yule mtoto wa mwenzangu alisimamiwa na yeye. Nami nikajisemea, ama kweli watu wa milimani, siku za kazi mnamkimbia, Jumapili mnampa watoto.

Hadi siku moja akatokea mlangoni, akaniita mimi.

Ya ndani ya chumba kile sitayaeleza yote. Wanaoyajua wanayajua, na wasioyajua Mungu awaepushe. Nitasema tu kwamba aliusukuma mlango kwa kisigino, taratibu, na mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni la maji. Hakufoka. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba kazi hizi zina wenyewe, na kwamba wasichana wanaoitaka nafasi yangu ni wengi. Nilirudi mezani mikono yangu bado ina povu. Mwenzangu hakuniangalia. Alisukuma rundo lake la punje nzuri likaingia kwenye langu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe huna mtoto."

Ni hayo tu. Lakini palepale nikaelewa yote niliyokuwa nayacheka.

Kwa bibi zao ilikuwa hivi: mwanamume aliyekushikia mtoto kwenye maji ya ubatizo amekuwa ndugu yako. Akikugusa amemgusa dada yake. Mtoto atadhoofu na yeye mwenyewe mkosi utamfuata hadi kaburini. Sijui padri angesema nini juu ya hilo, nadhani hakuna aliyemuuliza. Meneja alikuwa mjukuu wa bibi hao hao, na mwiko huo aliuogopa kuliko amri zote kumi za Mungu. Mwanamke aliyempa mtoto wa kusimamia hakuitwa tena kuosha vikombe. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe kwa maneno, walitazamana wakaelewana. Tuliobaki kuosha ni sisi wasichana, na kina mama waliojaliwa mabinti watupu.

Nilinyamaza. Siku hizi wanakuja watu na semina zao hapa kijijini, wanatuuliza kwa nini mwanamke akifanyiwa hivyo hasemi. Ala! Aseme kwa nani? Shangazi yangu alikuwa anajisifu kwenye jumuiya kwamba binti wa kaka yake yuko kampuni. Mumewe aliuza kahawa yake pale pale. Mama yangu huku ziwani alikuwa anangoja sabuni na sukari kutoka kwangu. Na ningesema, la kwanza ningeulizwa, "Ulifuata nini mle ndani?" Nilifuata vikombe! Nani angekubali? Wangesema wa ziwani ndivyo walivyo. Halafu ipo aibu. Kosa ni lake, aibu ikanikalia mimi, nikawa naoga mara mbili kwa siku kwenye baridi ile ya Julai na bado haitoki. Nilijiambia funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni kwamba mwanaharamu mwenyewe hakupita, alirudi tena na tena na vikombe vichafu.

Mwenzangu alinisaidia kadiri alivyoweza, na hilo ndilo linaloniuma kwa utamu hadi leo. Alinifunga kitenge chake cha pili juu ya gauni langu, akakaza fundo mwenyewe. Nikiitwa, aliinuka yeye haraka: "Bwana Meneja, huyu ana mafua, nitaosha mimi." Meneja alimtazama, mama wa mtoto wake wa ubatizo, akasema basi, vikombe vitaoshwa kesho. Hila hiyo ilifaa mara chache, kisha akajua kuniita mwenzangu akiwa ameenda kunyonyesha nje. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, dawa ni moja. Olewa upesi, uzae dume." Nikamuuliza, "Na nikizaa jike?" Akasema, "Unarudia!" Tulicheka tukashika mbavu, tukaishia kulia wote wawili juu ya kahawa za watu.

Mwisho wa msimu akaja tajiri mwenyewe, mwenye kampuni, kutoka mbali. Tulikusanywa ghalani, wanaume juu ya magunia, sisi kwenye mabenchi mbele. Alikuwa mtu wa kusikiliza, sina ubaya naye. Akauliza kama kuna mwenye tatizo kazini. Mmoja akaomba maziwa kwa sababu ya vumbi, mwingine akaomba choo cha wanawake kiwekewe mlango. Mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga, naapa. Nilisikia tu benchi limeniacha.

Nikasema. Kiswahili cha mambo yale sikuwa nimewahi kukitumia, kwa hiyo nilisema kwa maneno machache mabaya. Nikasema Bwana Meneja akituita kuosha vikombe anafunga mlango. Nikasema anachotufanyia. Nikasema, "Si mimi peke yangu."

Meneja hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama baba aliyetukanwa na mtoto mgonjwa. Aliyeinuka ni mpimaji wetu wa mizani, mwenyekiti wa kigango, mzee mwema asiye na hila hata kidogo. Akasema, "Tajiri, binti huyu ni mgeni, hajatujua sawasawa. Bwana Meneja ni baba wa ubatizo wa watoto wa ghala hili zima. Mama gani atamkabidhi mwanawe mtu wa namna hiyo? Naomba kila mama ambaye mtoto wake amesimamiwa na Bwana Meneja asimame, umwone kwa macho yako."

Wakasimama. Mmoja wa benchi la nyuma, mmoja wa pembeni, wawili pamoja, watoto migongoni. Wakaendelea kusimama mpaka sisi tuliosimama tukazidi waliokaa. Kushoto kwangu akasimama mwenzangu. Macho yake yalikuwa chini, lakini mkono wake ulishuka, ukashika pindo la kitenge changu, ukakishika kwa nguvu.

Jamani, hebu mtazame picha hiyo. Kila mwanamke aliyesimama pale alisimama kwa sababu amewahi kuosha vikombe, au aliogopa kuitwa. Ghala zima la wanawake lilikuwa limeniunga mkono wazi wazi, mchana kweupe, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyeona. Ngao waliyojitengenezea wao, kumbe ndiyo iliyomkinga yeye. Tajiri akawapitia kwa kidole, akatabasamu, akamgeukia meneja akasema, "Hongera sana." Watu wakapiga makofi. Niliketi, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Sikufukuzwa. Kesho yake mlinzi aliniambia tu kwamba nafasi yangu imepata mtu. Shangazi alinifungia nguo zangu, nikateremka ziwani juu ya lori la mahindi. Kabla halijaondoka nilitazama sana njia ya kutoka ghalani. Dada yangu wa meza hakuja kuniaga.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Nimemfikiria pande zote. Angefungua mdomo, mumewe angemuuliza, "Kumbe na wewe?" Mtoto wake angekuwa na baba wa ubatizo aliyeaibishwa na mama yake mwenyewe. Na yeye mwenyewe angebaki bila kinga. Yote hayo nayajua. Lakini kujua hakuondoi hamu. Nimeolewa hapa, nimezaa, nimezika mama yangu, na kila gari lililoteremka kutoka Mbinga nililitazama mpaka abiria wa mwisho. Nikiwa naanika dagaa nilikuwa naongea naye kimoyomoyo. Namwambia njoo, dada. Si lazima mbele ya tajiri. Njoo uniambie mimi tu, hapa kwenye mchanga, kwamba sikusema uongo. Maana mtu ukibaki peke yako na jambo kwa miaka, unaanza kulitilia shaka wewe mwenyewe, unajiuliza labda kweli ulikuwa mgeni ukaelewa vibaya.

Akaja. Ulikuwa wakati wa kiangazi, asubuhi, upepo umetulia. Aliteremka garini mwanamke mwenye mvi na mwanya, na nyuma yake binti mrefu amebeba kikapu. Nilitupa ungo. Tulipiga kelele mpaka watoto wakakusanyika. Binti akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama mdogo," nami nikashindwa kuitikia vizuri kwa kulia.

Tulipika. Alikula ugali wa muhogo huku akilalamika kwamba unamganda kwenye meno, na mimi nikamwambia huo mwanya ulikuwepo tangu zamani asisingizie muhogo wa watu. Alinipa habari za meza yetu: nani ameolewa tena, nani amezikwa, nani kanenepa. Mumewe alikuwa amefariki. Ghala lile lilikuwa limefungwa, meneja amehamia kazi nyingine kubwa zaidi, na mwanawe wa kiume, yule wa mgongoni, anasomeshwa na huyo huyo baba yake wa ubatizo. Tuliongea yote. Neno langu halikuja. Kila alipovuta pumzi nilidhani ndilo, akasema la maharage.

Binti alipokwenda kuosha vyombo ziwani, mwenzangu akamtazama mgongoni akasema, "Huyu amepata kazi. Ofisini, mjini. Wanasema bosi wake ni mtu mzuri sana, kila mtu anamsifu." Kisha akasema, "Nimemleta umwambie."

"Nimwambie nini, dada?" Nilijua. Nilitaka alitamke.

"Wewe ndiye uliyeweza kusema. Mimi mdomo haufunguki."

Hapo hasira zikanipanda, sitaficha. Miaka yote ile nimengoja, kumbe amekuja kuniazima mdomo! Nikamwambia, "Mdomo unao, wa kuimbia unao, wa kulia muhogo wangu unao." Alikuwa ameshika pindo la kanga yake mwenyewe, amelikaza. Basi nikamwita binti.

Nikamsimulia, mama yake ameketi pale pale. Nilimwambia habari za vikombe, mlango, na mwiko wa bibi zake. Nilimwambia ni nani aliyenifunga kitenge. Nilimwambia namna nilivyosimama, alichosema mzee wa mizani, na makofi. Nilimwambia bosi akisifiwa na mji mzima, asikilize pia wanaonyamaza. Binti alisikiliza hajapepesa. Nilipomaliza hakuniuliza mimi lolote. Alimgeukia mama yake.

"Mama, kaka alibatizwa kwa sababu hiyo?"

Mama yake alikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Na siku ile, ulisimama na wewe?"

Mwenzangu aliinua uso, lakini hakumtazama binti. Alinitazama mimi. "Nilisimama," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akaanza upya. "Nilisimama kwa sababu ilikuwa kweli. Wote tulisimama kwa sababu ilikuwa kweli."

Nikamwambia arudie, nimsikie vizuri. Akarudia, kwa ile sauti yake ya kigangoni, majirani waliokuwa wakianika wakageuka kutazama. Kisha akaanza kulia kwa nguvu, na mimi sikumnyamazisha.